Dereva Ametajwa Ukurasa wa Kwanza

Shoga, nimejifungia stoo ya dawa. Wivu utaniua.

Yule mtaalamu wa kukodiwa kawasilisha mpango wa zahanati leo. Ukurasa wa kwanza anamshukuru nani? Dereva wetu. DEREVA!

Na mimi afisa mipango wa miaka tisa? Mtaalamu huyo aliponihoji nilimjibu, "Yote yamo kwenye faili." Nimpe ujuzi wangu aende kung'aa nao? Thubutu!

Sasa mganga mkuu anampigia dereva makofi! Eti anajua zahanati ipi haifikiki mvua ikinyesha, na wapi wajawazito hawaji kliniki msimu wa mavuno.

Nikambana dereva mlangoni: haya yote umeyajulia wapi?

"Kwako, dada. Si ulikuwa unayasema kwenye simu garini, njia nzima?"

Shoga, simu zile nilikuwa nakupigia wewe.