Wake Zako Wawili Wamefika Fainali

Babu,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Wake zako wawili wamefika fainali ya raga. Mimi na timu yangu ya Kakuyuni, na Mapenzi wa shangazi na timu yake ya Kibarani. Jumamosi tunakutana. Ulituita wake zako tangu tukiwa wadogo, na Bibi akatuita wake wenza, akitunyima ukoko wa wali kwa wivu wa uongo. Ukaahidi kwamba mke atakayefika fainali utakwenda kumshangilia ukiwa na koti lako la harusi, jua liwe kali vipi. Hukudhani tutafika sote. Sasa koti ni moja, nawe hupo.

Mapenzi alitangulia. Katika nusu fainali yao alitoka mbio katikati ya uwanja, msichana wa Mtwapa kamng'ang'ania kaptura mpaka kwenye mstari. Walishinda kwa mbali. Kisha akaja kuniambia, "Haya, mke mwenza, usiniache peke yangu."

Katika nusu fainali yetu, sisi tulikuwa tumeachwa kwa alama tatu na muda ulikuwa unakwisha. Nilikuwa pembeni, hakuna wa kunikaba, na wenzangu wamebanana katikati hawanioni. Ilitakiwa nipige kelele tu. Babu, unanijua. Shuleni hata jina langu likiitwa nilikuwa nainua mkono tu badala ya kuitika, mpaka siku ya mwisho ya kidato cha nne.

Nikakukumbuka ulipokuja kututazama mara ya kwanza. "Mpira gani huu, mtu anataka kwenda mbele lakini anautupa nyuma?" Ulipoielewa sheria hukunyamaza tena. Kila mazoezi ulisimama na fimbo yako ukipaza sauti "Nyuma! Nyuma!" mpaka mbuzi wa jirani wakawa wanageuka. Nilikuwa naona haya. Siku hiyo ya nusu fainali uwanja ulikuwa na kelele zote isipokuwa hiyo yako.

Nikaipiga mimi. Sijui sauti ile nilikuwa nimeificha wapi. Nahodha hakuangalia hata, aliurusha mpira tu. Nikadaka, nikakimbia, nikauweka chini nyuma ya mstari wao: alama tano, tukashinda. Nikainuka na mchanga mdomoni, nikakutafuta pale unaposimama. Palikuwa wazi. Nililia kidogo. Halafu Mapenzi akanirukia, tukaanguka sote, tukacheka.

Jana tuligombania koti. Yeye anasema ndiye mke mkubwa. Bibi akaingia ndani, akatoka amelivaa, mikono imempita vidole. "Mume ni wangu," akasema. "Nyinyi chezeni. Mimi nitakaa katikati." Akacheka, Babu. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu tulipokuzika.

Pumzika sasa. Kombe sikuahidi, maana unazijua mbio za Mapenzi. Nakuahidi sauti. Jumamosi, tangu filimbi ya kwanza, utanisikia.

Mke wako mdogo,
Kadzo