Soda ya Yasser

Baba Yasser,

Nimeenda stesheni. Dawa za talasemia za Yasser alizotuma kaka toka Maskati zimefika na treni toka bandarini. Wali uko kwenye hotipoti, maharage uyapashe.

Sindano yake ya tumboni ni saa kumi na mbili jioni. ~~Nisubirini, nitamchoma mwenyewe.~~ Mchome wewe leo. Kwanza mbandike chupa ya soda ya baridi tumboni mpaka ngozi ife ganzi, halafu ndiyo umchome na kuwasha pampu ya dawa. Na usitoroke! Kila nikishika sindano, wewe ndiyo unakumbuka wateja dukani.

Asubuhi nilimtolea Fanta kwenye friji. Zawadi tu, maana jana hakulia. Nikamwita, nikamwonyesha chupa. Hakuipokea. Alifunua shati, akafumba macho, akasubiri.

Nikamwambia, "Hii ya kunywa, mwanangu."

Akasema, "Fanya haraka, mama."

Chupa ndiyo hiyo hapo mezani, sijaifungua. Baridi ikishaisha kabisa, mpe anywe. Usimwambie imetoka kwangu.

Mama Yasser