Skrini Mbili na Kivuli cha Magara

(Ukurasa huu niliuandika wakati wa vita, nikiwa nyumbani Rumonge. Nauweka hapa blogini kama ulivyo. Nimebadilisha majina tu.)

Alhamisi, jua linakaribia kuzama. Mvua ya asubuhi imeshakauka, ziwa limetulia, na mimi natetemeka kama mtu mwenye malaria.

Sina homa. Nina hofu. Naiandika hapa ili isinitoke mdomoni mbele ya mtu.

Leo ilikuwa iwe siku yangu ya furaha. Tangu mwaka jana nalilia skrini mpya. Ya zamani imeanza kutikisika, na rangi yake imegeuka kijani, hata maharusi wa mji huu wakitoka kwangu wanaonekana kama wagonjwa wa ini. Kazi yangu ni picha: za vitambulisho vya karangamuntu, za harusi, za marehemu wa kutundikwa ukutani. Kompyuta yangu imekaa chumbani, juu ya meza ya cherehani aliyoiacha baba. Kila mtu anataka akipokea sura yake aitambue, na siku hizi askari wa kwenye kizuizi naye anataka aitambue. Picha ikiwa nyeusi mno, mtu anashushwa kwenye gari.

Basi asubuhi Mama Furaha, yule mfanyabiashara wa kutoka Uvira, alifika na mkokoteni wenye skrini mbili. Akaniambia nizijaribu zote mchana kutwa, naye atarudi kabla ya magharibi kuchukua ile nitakayoikataa. Mama Furaha ni mtu wa hivyo, anauza kama anayegawa.

Ya kwanza ilikuwa nyembamba, ya kisasa, unaibeba kwapani kama sinia. Ya pili ilikuwa dude la zamani lenye mgongo mkubwa, zito, vijana wawili walilishusha wakihema. Mimi moyo wangu ulishaenda kwa ile nyembamba. Nani asiyependa kitu kizuri?

Nikaanza na herufi ndogo. Nyembamba ilizionyesha safi kabisa. Nikaweka sura ya bi harusi. Hapo ikaanza kunitia mashaka: weusi wa nywele na weusi wa ukuta vilikuwa kitu kimoja. Nikainuka kuchukua chai, nikageuza macho nikiwa nimesimama, na kumbe ukiitazama kutoka juu giza lote linakuwa kijivu, mambo yaliyojificha yanajitokeza. Ukikaa yanapotea tena. Nilicheka peke yangu. Nikasema hii ni skrini ya kumtania mtu.

Lile zito nililipandisha hadi ubora wake wa mwisho. Nukta zikawa ndogo hata huzioni. Kwenye kivuli niliona uzi wa nguo, nikaona jasho. Sijawahi kuona picha zangu mwenyewe namna ile.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye furaha sasa hivi.

Nikafungua kazi ya Bosco. Bosco ana baa karibu na kizuizi, wateja wake wengi ni wanajeshi. Wiki iliyopita alikuwa ufuoni Magara siku ambayo samaki wa mikeke walitoka kwa wingi, akapigwa picha akiwa amekumbatia kikapu. Ameniletea ile picha ya karatasi niiingize kwenye kompyuta na kuikuza iwe ya ukuta mzima. Tena akasisitiza niongeze mwanga kule nyuma, maana anataka mitumbwi yote ionekane. Kesho asubuhi anakuja kuichukua.

Kwa macho ya kawaida, nyuma ya mitumbwi kuna giza tu, kivuli cha nyumba ya wavuvi. Nikaongeza mwanga kama alivyotaka. Nikasogea karibu.

Kivulini kulikuwa na mtu ameinama, anapakia kitu mtumbwini. Kitu kirefu, kimeviringishwa kwenye mkeka. Nilidhani ni kafi. Kisha nikaona mtutu wa chuma umechungulia mwishoni mwa mkeka, na kafi halina mtutu.

Mtu huyo alikuwa amevaa kofia ya kushonwa kwa mkono. Nikaisogelea kofia. Nikaona vitundu vyake vimepangwa viwili viwili, na mahali pamoja upande wa sikio vimekuwa vitatu, kwa sababu mshonaji alipitiwa na usingizi siku za Ramadhani akakosea, akaona uvivu kufumua.

Mshonaji ni mimi. Kofia ni ya Rama, mdogo wangu.

Rama alituambia tangu kiangazi kwamba ameacha kuvua Magara. Alisema anafanya kazi ya mapipa ya mawese, huku huku mjini. Mama anashukuru kila siku kwamba mwanawe hapiti tena ile barabara ya Magara.

Nilifunika skrini kwa kanga. Ni upuuzi, lakini nilifanya hivyo. Juzi wavuvi wengine wa Magara walichukuliwa na wanajeshi kwenda kuulizwa maswali, na mpaka leo wake zao wanapeleka chakula kinarudi. Na mimi nilikuwa natengeneza ushahidi wa ukubwa wa ukuta, uende kutundikwa mbele ya wanajeshi wakinywa bia.

Mama aliuliza kutoka uani ipi nzuri. Nikajibu ile nyembamba.

Mchana nikasikia sauti ya Bosco ikisalimu amahoro mlangoni. Hakuwa peke yake. Alikuja na ajida mmoja wa jeshi, rafiki yake, amuonyeshe picha yake itakavyokuwa. Nilisikia viatu vya jeshi kwenye saruji, na mikono yangu ikafanya yenyewe: nikachomoa waya kwenye lile zito, nikauchomeka kwenye ile nyembamba. Picha ikatokea. Kule nyuma giza likarudi.

Nikashukuru. Halafu nikakumbuka kwamba ajida amesimama.

Alikuwa ameegemea mlango, mrefu, anatazama kutoka juu. Bado alikuwa mbali, lakini alianza kusogea. Nikamkaribisha kiti changu. Akakataa, akasema hakai, wanapita tu.

Aliyeniokoa ni Mama, naye hakujua anaokoa nini. Aliingia na kigoda mkononi, kitambaa kikiwa begani, akaweka kigoda mbele ya skrini kama anavyomfanyia kila anayevuka mlango wake.

"Mugeni hasimame mu nyumba yangu, mwanangu," akamwambia. "Ikala kwanza."

Mtu mwenye bunduki begani, lakini mama wa watu amemwambia akae. Akakaa.

Alitazama kwa muda. Bosco akalalamika kwamba nyuma bado pana giza. Ajida akanyoosha kidole hadi karibu kugusa kioo, pale pale.

"Hapa nyuma iko nini?"

"Ni kivuli ya nyumba, shefu."

Sauti yangu ilitoka ya kawaida. Mpaka sasa sijui niliitoa wapi. Akasema wale mikeke wamemtia njaa, wote wakacheka, na mimi nikacheka. Alipoanza kuinuka nikabonyeza kitufe cha skrini, ikazimika. Nikasema natunza umeme. Akanishukuru, murakoze, wakaondoka.

Nikachukua kanga nikafunika skrini zote mbili.

Rama alirudi baada ya alasiri. Nilimwingiza chumbani, nikafunga mlango, nikaunganisha tena lile zito na kumuonyesha. Nilikuwa nimejiandaa kumkaripia. Nilikuwa na maneno mengi tangu mchana. Lakini alipojiona, uso wake ulirudi kuwa ule wa alipokuwa mdogo, akikamatwa na sukari mkononi, na karipio lote likaniishia.

"Walitukuta pa ufuo, dada. Walisema beba. Nilibeba."

Kisha akasema, polepole zaidi, kwamba si mara moja.

Akaniuliza nani mwingine ameona. Nikamweleza habari ya ajida na kigoda. Alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye ukuta. Nilitaka kumuuliza kama anawapenda wale waasi au anawaogopa tu. Sikumuuliza. Niliogopa jibu.

Tulikubaliana aondoke leo leo. Ameenda na watu wanaoteremka Kabonga, na kutoka pale ni karibu kuvuka upande wa Tanzania. Mama tumemwambia ni kazi, imepatikana Kigoma ghafla. Amemfungia samaki wadogo wakavu, ndagala, na kumuombea dua ndefu, akimshika kichwa. Kichwa kilikuwa wazi. Kofia nilikuwa nimeshaichoma jikoni, na nilipoiona inaungua nililia kuliko alipotoka mlangoni.

Baada ya hapo nikakaa mezani nikamfuta.

Nilichukua mchanga wa upande mmoja nikaufunika miguu yake. Nikachukua kivuli nikafunika mgongo, mkeka, kile chuma, na mwisho kofia. Kazi kama hii huifanyi kwenye skrini nyembamba, kwa sababu huwezi kumfuta mtu usiyemuona. Nikaongeza mwanga, mitumbwi yote inaonekana sasa, na nyuma yake kuna ukuta wa nyumba tu. Bosco atafurahi. Ile ya karatasi nitamrudishia, na sidhani kama kuna mtu atakayechukua lenzi kutafuta vitu gizani nyuma ya kikapu cha samaki. Najiambia hivyo kila baada ya dakika.

Mama Furaha alikuja nikamwambia nabaki na lile zito. Alishangaa. Siku hizi, akasema, kila mtu anachagua kitu kwa namna atakavyokibeba.

"Siku ya kukimbia utaibeba namna gani, dada?"

Nikamjibu nitaliacha. Akatikisa kichwa, akaweka ile nyembamba kwenye mkokoteni wake, akaenda zake. Milimani juu kumeanza kusikika milio. Hapa mtaani watu wameshaanza kubeba magodoro kuteremka ziwani.

Sasa iko jambo moja limebaki, na ndilo linalonifanya niandike badala ya kulimaliza.

Picha ya kwanza, ile kabla sijamfuta, bado imo ndani ya kompyuta. Lazima itoke kabla Bosco hajaja. Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye kitufe Mama alipoingia. Alisimama nyuma yangu, akaniambia mimi natengenezea mji mzima sura zao, na humu ndani hamna hata picha moja ya mwanawe. Rama ameenda hivi hivi. Hakulalamika. Alisema kama mtu anayetaja chumvi imekwisha, kisha akatoka kwenda kukunja mikeka yetu.

Ni kweli. Rama hakupenda kupigwa picha. Sura yake pekee niliyo nayo ya ukubwani ni ile ya kivulini.

Nimeamua. Nitamuita Mama sasa, kabla umeme haujakatika. Nitamkuza Rama mpaka mkeka na chuma vitoke nje ya skrini, kibaki kichwa tu, na lile zito litamuonyesha hata kope zake. Mama atamtazama mpaka atosheke. Halafu nitafuta.

Na akiniomba nimchapishie?