Mjerumani Mezani Kwetu

Baba,

Tumekuzika Jumamosi, na aliyesoma wasifu wako alikosea. Alisema umemaliza maisha yako hapa London ukiandika habari za "Mjerumani muuza mkaa". Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Mama alicheka mpaka akatolewa nje, na wenzake wa kanisani wakasema ni uchungu. Haukuwa uchungu wa kukukosa, Baba. Ulikuwa uchungu wa miaka yote ile.

Najua ungesimama umsahihishe: "Si mkaa, ni makaa ya mawe! Wala si muuzaji, ni mkabaila!" Ulikuja kusoma historia, masomo yakaisha, yeye akabaki katika kitabu chako kisichokwisha. Mtu wa karne ya kumi na sita, nawe ukamjua kuliko ulivyotujua sisi. Ulijua jina la farasi wake na matusi aliyowatukana wachimbaji wake. Mwanawe alipokufa kwa ndui ulimlilia, kalamu mkononi. Lakini mimi niko darasa gani, ilibidi umwulize Mama.

Mama alimwita mke mwenzake. Akirudi nyumbani Wembley kutoka kuwatunza wazee wa watu, viatu vimelowa, aliuliza mlangoni: "Mke mwenzangu ameshakula, au bado yuko busy?" Wewe ulicheka tu. Sisi tulikula kwenye kochi, sahani mapajani, maana meza ilikuwa ya Mjerumani wako na makaratasi yake.

Kisha kifua kikaanza. Mama alikusihi uende hospitali. Ukasema mgodi wa Mjerumani wako umejaa maji, huwezi kumwacha katika hali ile. "Maji yakipungua nitaenda." Maji ya karne ya kumi na sita, Baba! Nina hasira nawe hata sasa ninapoandika.

Leo Mama ameniambia niyatupe makaratasi yako, anataka meza. Nilishafungua mfuko wa taka. Nikasoma ukurasa wa mwisho: umemwacha kando ya shimo, kalowa chapachapa, anawafokea watu wavute ndoo. Hajafa. Hukuwa na moyo wa kumwua. Moyo wa kutuacha sisi ulikuwa nao.

Sikuyatupa. Nakuahidi sura iliyobaki nitaiandika mimi, wala si kwa kumpenda. Nataka afe, azikwe, atoke nyumbani kwetu.

Haya, Baba, pumzika. Ukikutana naye huko, najua utakimbilia kumwuliza habari za mgodi. Ngoja kidogo. Mwambie kwanza kwamba una mke, na una binti. Nitaje kwa jina.

Rehema