Kaka, Mwambie Fundi Arudishe Ukuta

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha nyuma,
Jumapili mchana.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu huku. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na shemeji mzima, na watoto wanaendelea vizuri na masomo. Yule wa mwisho, kile kifua chake kimepoa? Mwambie shangazi yake anamuulizia. Mimi ni mzima wa kusimama na kutembea, ila vumbi la saruji limenikaa kooni, nakohoa kama mzee mvuta tumbaku. Mama naye hajambo, kwa maana ya kwamba anakula na analala. Mengine utayasoma humu.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Nimeandika kwa sababu nyumba hii sasa haina mahali pa kunong'ona. Ulitaka sebule, jikoni na korido viwe kitu kimoja, na kweli vimekuwa kitu kimoja. Nikikohoa jikoni Mama ananipa pole akiwa kitandani kwake. Na neno nitakalokuambia hataki ulisikie. Kwa hiyo tafadhali soma peke yako kwanza, na usipige simu hapa kabla hujafika mwisho.

Kaka, Mama haoni. Sisemi macho yamepungua nguvu, kama tulivyokuwa tukikuambia. Haoni kabisa. Ile operesheni ya jicho haikufaulu, jicho la pili likafuata, na sasa mchana anaujua kwa joto la dirishani tu. Alinikataza nisikuambie. Alisema mtoto aliye mbali hapelekewi habari za kumkosesha usingizi wakati hana la kufanya. Ukituma picha, mimi ndiye ninayemweleza zilivyo, halafu yeye anakupigia na kukuambia umenenepa. Unamjua Mama, hata uongo wake una adabu.

Nami nilinyamaza kwa sababu alikuwa anajiweza. Hilo nataka ulielewe kabla sijafika kwa mafundi. Alikuwa anajiweza kwa mkono wake wa kulia. Akitoka chumbani anaweka kiganja kwenye ukuta wa korido na kwenda nao. Anapita msumari wa kalenda, anapita fremu ya mlango wa sebule, anafika pale Baba alipoziba ufa mwenyewe kwa saruji na kuacha kibonge kama mgongo wa chura, na hapo anajua choo ni mlango unaofuata. Ukuta huohuo ndio uliompeleka jikoni. Alikuwa anachemsha chai yake mwenyewe, anafagia, na kunigombeza kwamba sufuria sikuirudisha mahali pake. Wageni walikuja wakakaa wakaondoka bila kugundua kitu.

Basi tuje kwa mafundi, na hapa naomba univumilie maana nina hasira.

Tuliwaita kwa ajili ya paa, basi. Mbao zilikuwa zimeoza juu ya chumba cha Mama, na mvua ilikuwa inaingia mpaka tukamsogezea kitanda. Wewe ndiye uliyempata fundi mkuu, kupitia rafiki yako, ukasema ni mtu wa kuaminika. Jina lake silitumii tena. Mimi namwita Kesho Asubuhi, maana ndilo jibu lake kwa kila swali. Alipanda juu, akashuka, akatikisa kichwa, akauliza, "Nani aliwafanyia kazi hii?" Nikamwambia ni fundi kama wewe. Hakucheka. Baadaye akaja fundi bomba, akaiangalia kazi ya Kesho Asubuhi, naye akauliza, "Nani aliwafanyia kazi hii?" Fundi umeme vilevile. Kwa jinsi wanavyosemana, ungedhani hakuna fundi hata mmoja aliyewahi kukanyaga hapa.

Mama tulimpeleka kwa mama mdogo ili asivute vumbi. Mimi nikabaki kulinda vitu, ingawa nilichokilinda sikijui. Beseni kubwa la Mama la kufulia walichanganyia saruji, likaganda nayo, wakaniambia bado linafaa kupandia maua. Choo walikitoa kabla bomba jipya halijanunuliwa, nikawa naenda kwa jirani asubuhi na jioni, mtu mzima na heshima zangu, karatasi mkononi, mpaka watoto wake wakiniona wanaita, "Mama, yule wa choo amekuja!" Kazini posta nilikaa dirishani macho mekundu kwa vumbi, na wateja wakanipa pole wakidhani nimefiwa.

Na kutoweka kwao, Kaka! Wanavunja leo, halafu wanapotea. Nikimpigia Kesho Asubuhi anasema yupo njiani, na unasikia kabisa kijiko kinagonga kikombe. Mara nyingine gari lake limeharibika, gari ambalo sijawahi kuliona. Swichi ya taa ya choo wameiweka nyuma ya mlango, ukitaka mwanga lazima kwanza ujifungie gizani. Nilipomuuliza fundi umeme akasema nitazoea. Na ile picha ya bafu aliyokutumia Kesho Asubuhi, ukaifurahia sana, si bafu letu. Lile lina dirisha. Letu upande ule limegusana na nyumba ya jirani. Dirisha lingefungukia wapi, chumbani kwake?

Hayo yote ningeyameza. Ni kero, na kero huisha.

Lakini kuhusu korido, nilimwambia kwa mdomo wangu, siku ya kwanza na mara nyingi baada ya hapo: paa tengeneza, choo tengeneza, rangi paka, ila ukuta huu usiuguse. Akasema, "Sawa dada, wala usijali." Sikumwambia sababu. Ningemwambia, angekuambia.

Kumbe nyinyi wawili mlikuwa mnazungumza. Alikueleza kwamba madhali nyundo zipo, korido inakula nafasi bure, nawe ukasema abomoe. Nakuelewa. Ulitaka Mama apate sebule pana kama mlizonazo huko, aache kujibana kwenye vichumba vya giza. Ulitaka kumfurahisha. Mimi nilirudi kutoka kazini nikakuta ukuta uko uani umerundikwa, na kile kibonge cha Baba sikuweza kukitambua tena ndani ya kifusi. Nilikaa juu ya mfuko wa saruji nikalia. Mafundi wakazima redio yao kwa heshima, na baada ya muda wakaiwasha tena.

Nilimwambia Kesho Asubuhi aujenge upya. Alidhani natania. Alipoona sitanii akasema, "Dada, mimi namsikiliza bosi," akakupigia hapohapo, akaweka simu sauti ya juu. Nawe ukamwambia mafundi wote wakisikia, "Achana na huyo, anapenda mambo ya kizamani. Endelea na kazi." Huenda umeshasahau. Mimi nilikuwa nimesimama pale na mkoba wa kazini begani. Iliniuma, Kaka, na bado inaniuma. Ningeweza kuropoka yote palepale, lakini Mama alishanifunga mdomo. Nikaenda jikoni nikamwaga chai niliyowaachia kwenye chupa.

Wakamalizia kwa vigae vya sakafuni vinavyong'aa. Fundi wa vigae hakupima na Kesho Asubuhi hakuangalia, kwa hiyo sakafu ya sebule imekuwa juu kuliko ya chumbani, na mlangoni kwa Mama sasa kuna ngazi ndogo ambayo haikuwepo. Nilipolalamika wakasema ni kidogo tu. Kwa mwenye macho, ni kidogo.

Mama alirudi wiki iliyopita. Nilimweleza njiani, taratibu, kwamba korido haipo tena. Akasema, "Sawa," akauliza kama mama mdogo amemfungia dawa zake. Asubuhi iliyofuata, kabla sijaamka, akatoka chumbani mwenyewe kama alivyozoea. Nilisikia kishindo. Nikamkuta chini kwenye vigae, ameulalia mkono wa kulia. Haukuvunjika, hospitali waliufunga bandeji na kuturudisha nyumbani. Lakini mkono ule ndio anaoonea. Nilipomwinua aliunyoosha tena pembeni kuutafuta ukuta, akapapasa hewa, akauliza, "Nimeelekea wapi?"

Nikamjibu, "Umeelekea dirishani, Mama." Akashukuru, kama mtu aliyeelekezwa njia na mpita njia.

Siku hiyohiyo nilimwambia tukueleze. Akakataa katakata. "Amefanya kwa mapenzi," akasema. "Ukimwambia hatalala huko aliko." Nikamwambia basi angalau ukuta urudishwe. Hilo nalo hataki, kwa kuwa ukuta ukirudi wewe utauliza kwa nini. Afadhali yeye akae kitini. Na kweli anakaa. Mama yule ambaye alikuwa hatulii hata tukimwomba, sasa anakaa kwenye kiti kimoja tangu asubuhi, mikono mapajani, anasubiri nirudi nimpeleke chooni. Maji ya kunywa ameyapunguza ili asihitaji kwenda. Hilo hakuniambia, niliona kikombe kimebaki vilevile. Hajaugua chochote kipya, Kaka. Tumemtengenezea ulemavu kwa nyundo, na tukaupaka rangi.

Basi ninachokuomba ni kitu kimoja. Mafundi bado wanakuja, maana rangi ya nje na mlango wa uani vinasubiri hiyo kesho asubuhi yao. Mimi nikisema wananisikia, ila hawanisikilizi. Mama naye hanisikilizi. Wote wanakusikiliza wewe. Mpigie yule bwana, umwambie ajenge ukuta palepale ulipokuwa, fremu ya mlango mahali pake, na sakafu isawazishwe mpaka chumbani. Asiupambe, asiusogeze hata kidogo. Kiraka cha Baba hakuna wa kukirudisha, hilo najua. Mama atajifunza alama nyingine, mradi awe na kitu cha kushika.

Halafu mpigie Mama umwambie hukuipenda sebule, umebadili mawazo, unataka nyumba ibaki kama alivyoiacha Baba. Mdanganye kidogo. Yeye amekudanganya vya kutosha, hatakuwa na la kusema.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna jambo la jana ambalo nisipokuambia sitapata amani.

Jana nilikuwa jikoni namenya viazi, nikasikia, "Hodi!" Nikajua ni mgeni. Nikafuta mikono, nikaenda mlango wa mbele, nikafungua. Hapakuwa na mtu. Nikasikia tena, nyuma yangu, "Hodi humu ndani!" Ni Mama. Alikuwa amechoka kukaa, akainuka mwenyewe. Amesimama katikati ya sebule, ile bandeji ameikumbatia kifuani, uso ameuelekeza kwenye jokofu, anangoja kukaribishwa.

Nikamuuliza, "Mama, unabisha hodi nyumbani kwako?"

Akasema, "Sijui nimefika chumba cha nani, mwanangu. Nisije nikamkuta mtu anavaa."

Nyumba aliyoijenga na Baba, Kaka. Nilishindwa kucheka na nikashindwa kulia. Nikamwambia, "Karibu, Mama." Akaifuata sauti yangu polepole mpaka akanifikia, akanishika bega, na nikaona ametulia.

Ndivyo tunavyoishi tangu jana. Akiinuka anabisha, nami popote nilipo naitikia, ili ajue mtu yuko upande gani. Amebisha mara nyingi leo nikiwa naandika barua hii, na kila mara nimeweka kalamu chini nikamkaribisha. Kesho ni Jumatatu. Nitakuwa dirishani posta mpaka jioni, na yeye atabisha, na hakutakuwa na mtu wa kumwitikia.

Msalimie sana shemeji, na watoto mmoja mmoja. Mama mdogo anawasalimu wote. Jirani wa choo pia anakusalimu, siku hizi tumekuwa marafiki kwa lazima. Mama hajui kama nakuandikia, kwa hiyo salamu zake sikuletei. Utazipokea mwenyewe ukimpigia.

Mungu akulinde huko uliko, akuzidishie afya na riziki, na atukutanishe mapema, Mama akiwa bado anainuka kitini.

Mimi mdogo wako, mwenye hasira nawe na anayekupenda vilevile,

Kitindamimba