Tunafuga Maji Kwanza

Nyamongo, Tarime

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri, na mguu umepunguza kukusumbua. Baba bado anakwenda ziwani, au amekubali kuwaachia vijana? Nijibu ukweli, usinifiche eti nisihangaike. Sisi huku ni wazima. Mwita anakusalimu sana. Wiki hii yuko zamu ya asubuhi, anaendesha yale magari makubwa ya kubeba mawe mgodini, na akirudi ni vumbi tupu kuanzia kichwani mpaka viatuni.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini huko kwenu mtandao unakatika kila neno, na jambo lenyewe hata mimi mwenye nalo sijalielewa. Nimeona niliandike lote, dada akusomee polepole, halafu wewe ndiye unieleze.

Ni habari ya samaki. Najua utacheka, mtu katoka Kigoma aje kushindwa na samaki Tarime.

Robi unamjua, binti wa Mwita niliyemkuta nyumbani humu nilipoolewa, mama yake akiwa ameshafariki. Yuko darasa la nne. Nilikuambia ni mtoto mtulivu. Si utulivu, Mama, ni kwamba haongei na mimi. Akitaka chumvi anasema, "Wewe, chumvi." Hanitukani, hakatai kazi, sahani anaosha. Ila nikiingia chumbani yeye anatoka, na mimi nabaki nimeshika ufagio sijui nimekosa nini.

Basi Mwita alikwenda Mwanza, akarudi kwenye basi amepakata sanduku la kioo limefungwa blanketi. Ndani yake kuna pampu ndogo ya kupuliza hewa, na mkononi ana mfuko wa nailoni wenye maji na samaki wekundu wa kung'aa. Majirani wakajaa mlangoni. Mama Bhoke, yule wa hapa jirani anayekaanga mandazi, akasema, "Mwita, mura," ndivyo wanavyomwita kijana huku, "dhahabu ya kuchimba haijakutosha, umeleta inayoogelea?" Nikauliza wanapikwaje. Mwita akasema hawapikwi, wanaangaliwa. Baba hajawahi kuleta samaki nyumbani wa kuangaliwa.

Lakini Robi alitoka chumbani. Alisogea mpaka pua ikagusa ule mfuko, akamwambia baba yake, "Tata, ni wale wale." Sikujua wale wa wapi. Nilichojua ni kwamba mtoto ametabasamu ndani ya nyumba yangu, na kama kulikuwa na siku ya kuonyesha mimi ni mama anayejua kazi, ni hiyo. Nilikisugua kile kioo kwa sabuni ya unga mpaka kikalia. Nikajaza maji ya bomba, safi kabisa, na saa ile ile nikawamimina samaki. Nikawalisha kama wageni, kila nikipita nawatupia, makombo ya mkate, dagaa wa kusaga, hata ugali.

Maji yakaanza kuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Samaki wakapanda juu, wanafungua midomo kama watu waliokimbia. Nikamwaga maji yote, nikaosha upya, nikajaza mengine. Ndipo wakaisha. Walikufa mmoja mmoja, Mama, mimi nimesimama na kikombe mkononi, sielewi. Maji ni mapya, yanang'aa, chakula kimejaa, hewa inapulizwa. Walitaka nini zaidi?

Robi alirudi shule akawakuta wanaelea. Hakulia. Alisema tu, "Kila kinacholetwa nyumba hii kinakufa." Akaenda kubadili sare.

Na mimi, Mama, nimeletwa nyumba hii.

Mwita aliporudi kazini nilimwambia akichukue kioo chake akirudishe. Akakaa kwenye kiti na buti zake za kazi, akanieleza ambalo hakuwahi kunieleza. Kule Mwanza, hospitali aliyolazwa marehemu, pale watu wanaposubiri palikuwa na kioo kama hiki. Siku zote za ule ugonjwa Robi alikuwa akikaa mbele yake. Alimwambia baba yake, mama akipona tununue na sisi.

"Sasa mbona hukuniambia?" nilimuuliza.

"Ningekuambiaje?" akasema. Na kweli, sijui angeniambiaje.

Kesho yake nilimpigia kijana wa Mwanza aliyemuuzia Mwita wale samaki. Nikamweleza yote, nikidhani atanisifu kwa usafi. Akaniuliza, "Mama, ulifuga maji kabla ya kufuga samaki?"

Nikafikiri sijasikia. Akarudia. Akasema sabuni haigusi kile kioo kamwe. Maji ya bomba yana dawa, yakae kwanza kwenye ndoo wazi mpaka dawa iishe. Kisha weka kokoto chini, washa pampu, tia chakula kidogo kana kwamba samaki wapo, na usiweke samaki. Subiri majuma. Kuna vidudu visivyoonekana vitaota kwenye kokoto, hivyo ndivyo vinavyokula uchafu wa samaki. Bila vidudu hivyo samaki anajiua kwa mkojo wake mwenyewe. Na usimwage maji yote; punguza kidogo, ongeza kidogo.

Mama, wewe ulinilea kwa ufagio na jivu la kusugulia sufuria. Leo naambiwa usafi wangu ndio uliowaua, nitunze uchafu. Nilikata simu. Nilipogeuka, Robi alikuwa mlangoni, amesikia. Akasema, "Kokoto zisitoke hapa. Hapa mitoni wanaoshea dhahabu, kuna zebaki. Za kwa bibi ni safi." Nadhani tangu niolewe sijamsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo.

Kwa bibi maana yake Busawe, wilaya ya Serengeti. Ni kwa mama mzazi wa marehemu. Sikuwahi kufika, na hakuna aliyewahi kuniita. Lakini Jumamosi tulipanda pikipiki, mimi, Robi na mfuko wa salfeti mtupu, na njia nzima nilikuwa najiuliza nitasema nimekuja kufanya nini.

Bibi alikuwa anaanika mtama. Nikapiga magoti, "Shikamoo, mama." Akaitikia, akaniangalia muda mrefu mpaka nikaona haya.

"Mmefuata nini?"

"Kokoto za mtoni, mama. Za samaki."

"Samaki wanakula mawe?"

"Hawali. Ni... tunafuga maji kwanza."

Akamgeukia Robi, wakaongea Kikurya, sikuambulia kitu. Bibi akacheka mpaka akaketi chini, kisha akafuta macho kwa khanga, na hapo sikujua tena kama ni kicheko. Akainuka, akatutangulia mtoni yeye mwenyewe, akawa anachagua kokoto moja moja, za rangi nzuri. Tulipoondoka alinipa kibuyu cha maziwa ya mgando. Hakusema ni cha nini. Mpaka leo sijui kama alinipokea au alinihurumia.

Tukafuga maji. Kioo kimekaa mezani, pampu inanguruma, ndani hakuna kitu. Mama Bhoke akija anauliza, "Hayo maji yenu hayajazaa?" Mwita mwenyewe alianza kuona aibu wageni wakija. Lakini kila jioni Robi anakaa mbele yake, na mimi nikimaliza jikoni nakaa pembeni. Tunaangalia maji. Wakati mwingine anasema, "Leo yametulia," nami naitikia, "Yametulia," na sijui tunaongea habari gani.

Juzi yule kijana alitutumia samaki wachache kwa basi. Tuliuacha mfuko uelee juu ya maji kwanza, wazoee, kama alivyoagiza, kisha Robi akafungua mwenyewe. Asubuhi nilipoamka kuwasha jiko, mmoja alikuwa ubavu juu. Nilifikiria kumtoa haraka nimtupe kabla mtoto hajaona, lakini alikuwa ameshafika nyuma yangu.

Alichukua kijiko, akamtoa taratibu, akamwangalia mapezi. Wengine walikuwa wanazunguka vizuri tu, wanachokoa kokoto. Akasema, "Huyu alikuja anaumwa. Si sisi."

Akaenda kumzika nje, karibu na ukuta, akaniambia nimletee jembe dogo. Nikalileta. Nikasimama pale naye mpaka akamaliza, kisha akavaa viatu akaenda shule.

Mama, nisaidie. Alisema "sisi". Nimesikia vizuri, au najidanganya? Na kama nimesikia, nifanye nini sasa, nimwambie kitu au ninyamaze? Naogopa kugusa, nisije nikaharibu kwa kusafisha mno.

Msalimie Baba, avae sweta akienda majini. Dada anayekusomea, namshukuru kwa sauti yake. Wifi na ujauzito wake Mungu amsimamie, na Shangazi mwambie kitenge chake kipo, nitakituma nikipata mtu wa kuja huko.

Ni mimi mwanao wa tatu, mwenye kukuwaza kila nikiteka maji,

Editha