Picha Mbili Ndani ya Simu Iliyokufa

Jumatano, saa kumi na moja na nusu jioni. Mvua ilianza saa nane na bado haijakata. Ni ile mvua yetu ya Eldoret ya mwezi wa sita: haina radi, haina haraka, ina baridi tu. Niko saiba, duka la intaneti, kompyuta ya mwisho kabisa karibu na ukuta, na soksi zangu zimelowa.

 

Nataka kuandika yote jinsi yalivyokuwa, kwa mpangilio, kwa sababu kesho asubuhi nitalazimika kuyasema kwa mdomo, na mimi nikiogopa maneno hunipotea.

Mimi ni karani katika ofisi ya wakili hapa mjini. Napokea wateja, nafungua faili, nachapa barua. Kazi hii niliipata mwaka jana baada ya kutuma maombi mpaka nikaacha kuyahesabu. Nyumbani kwetu, upande wa Kakamega, wanaamini nimebakiza kidogo niwe wakili mwenyewe. Sijawahi kuwasahihisha.

Kuna mteja nitamwita Mama Nyambura. Si jina lake. Ni mjane, ana duka dogo kule Turbo, anauza unga, sabuni na mafuta ya kupima. Marehemu mumewe alinunua shamba, na makubaliano yakaandikwa kwa mkono, kurasa mbili, wazee wakaweka vidole gumba. Karatasi hiyo ilibaki kwa kaka mkubwa wa marehemu, kwa sababu ndivyo walivyozoea katika ukoo wao: karatasi hukaa kwa mkubwa.

Mwezi wa kwanza, walipokuwa bado wanasalimiana, shemeji yake alikubali kuja naye ofisini kutuonyesha. Mzee wa kofia ya sufu, mpole wa sura. Karatasi alikuwa ameifunga kwa nailoni, na nailoni ameifunga kwa gazeti.

"Hii karatasi hailali nje ya nyumba yangu," alisema. "Tazameni, turudi."

Siku hiyo stima ilikuwa imepotea mtaa mzima. Mashine ya fotokopi ilikuwa imelala, na wakili alikuwa kortini. Nikafanya nilichoona ni busara. Niliiweka karatasi dirishani penye mwanga, nikaipiga picha kwa simu yangu, ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili. Nikamwambia Mama Nyambura nitazichapisha stima ikirudi. Mzee akafunga karatasi yake, wakaenda.

Ofisini kwetu kuna rejista. Mteja akitoka, karani anajaza mstari wake: nini kimeletwa, nini kimerudishwa, nakala imewekwa au haijawekwa. Huwezi kuacha nafasi wazi. Wakili akiona nafasi wazi anakuita, na mimi nilikuwa na miezi mitatu tu kazini. Nikaweka tiki penye "nakala imewekwa", kisha herufi za jina langu.

Nilikuwa nitachapisha kesho yake.

Kesho yake ikaja na kazi zake, na wiki ikaja na zake. Tiki ile ilinidanganya mimi mwenyewe kwanza. Kila nilipofungua rejista niliiona pale, imenyooka, wino mweusi, na baada ya muda nikaamini kabisa kwamba nakala iko kwenye faili.

Sasa simu. Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nafua mashati penye bomba la ploti ninapopanga chumba, mtaa wa Huruma, simu ikiwa kwenye mfuko wa kifua. Nikainama. Ilipoingia kwenye karai haikupiga hata kelele. Niliizika kwenye mchele kama kila mtu anavyoshauri, na Jumatatu asubuhi ilikuwa bado imekufa. Nikachomoa kadi ya memori, nikaikunja ndani ya karatasi safi, nikaitia kwenye pochi. Nilijiona mwerevu. Simu ife, nilijiambia, vitu vyangu viko kwenye kadi. Nikaiacha simu kwa fundi mwenye kibanda karibu na ploti. Aliitazama kidogo akasema nisijali, ataiflashi, jioni nitaikuta kama mpya.

Saa tatu wakili akaniita. Shemeji wa Mama Nyambura amejibu kesi tuliyomfungulia juu ya shamba. Anasema hakuna makubaliano yaliyowahi kuandikwa, kaka yake hakununua kitu, shamba ni lake yeye.

Wakili hakushtuka. Alitabasamu.

"Mwache aseme. Sisi tuna nakala. Kufika Alhamisi unipangie nyaraka zote, Ijumaa tunawasilisha."

Nilienda kabatini nikafungua faili. Barua. Kitambulisho. Cheti cha kifo. Basi. Nikaipekua tena, na tena, kana kwamba karatasi inaweza kuona aibu ijitokeze.

Ndipo nikakumbuka dirisha, na simu.

Nilikimbilia kompyuta yangu nikaitia kadi. Haikuonyesha picha hata moja. Ilisema kadi haisomeki na ikauliza kama nataka kuifomati, yaani kuifuta yote. Mimi ni mtu wa kukubali. Mashine ikiniuliza swali huwa nasema ndiyo ili swali lipite. Mara hii nilibonyeza hapana, na hadi sasa sijui ni kwa nini.

Nikaanza kusoma mtandaoni, na ndipo nikaelewa nilichokifanya Desemba. Simu yangu ilikuwa na nafasi ndogo, kila siku inalalamika imejaa. Nilipoitia kadi mpya iliniuliza: kadi hii iwe ya kubebea vitu tu, au iwe sehemu ya hifadhi ya ndani ya simu? Nikachagua ya pili kwa sababu ilionekana kubwa zaidi. Kumbe ukichagua hivyo, simu inaifunga kadi kwa kufuli, na ufunguo haukai kwenye kadi. Unakaa ndani ya simu ileile. Kadi peke yake, kwenye kompyuta yoyote, haina maana. Na simu ikifutwa ianze upya, ufunguo unafutika nayo, na hakuna fundi wa kuchonga mwingine.

Simu ikifutwa ianze upya.

Hiyo ndiyo kazi niliyomwachia fundi wa Huruma.

Sikuwa na namba yake, na simu ya kumpigia ndiyo alikuwa nayo. Nilitoka ofisini bila kuaga, nikapanda boda, nikamwambia dereva akimbie, mimi ambaye huwaomba waende polepole. Fundi nilimkuta anakula chapati na maharagwe. Simu yangu ilikuwa wazi mezani, imeunganishwa kwa waya na kompyuta yake.

"Mbona mbio, mkubwa?" akaniuliza. "Kwani kuna picha za bibi ya mtu humo?"

Watu wawili waliokuwa kwenye benchi wakacheka sana. Nikauliza kama ameshaiflashi. Akasema ingekuwa tayari zamani, lakini imekataa kushika chaji. Nikamwomba anipe vipande vyote kama vilivyo. Alinipa ndani ya mfuko wa sukari, bado anacheka, na mimi nikasema asante mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jioni ile nilijaribu kufikiria ningemwambia nani. Nimeishi Huruma miezi tisa na majirani nawajua kwa vikohozi vyao na redio zao. Mama angelia, kisha angewaambia kanisani waniombee kwa jina. Rafiki zangu wa chuo wametawanyika, na namba zao zote zilikuwa ndani ya ile simu. Nikapika ugali, nikaula na sukuma wiki iliyolala, nikaosha sahani moja.

Sahani moja hukauka upesi.

Jumanne asubuhi nilimpelekea simu Sally, fundi ambaye meza yake iko kwenye duka analogawana na wenzake hapa mjini. Alinisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye lenzi yake.

"Wewe ni mtu wa ofisi," akasema, "na hukusoma kabla ya kubonyeza?"

Nikasema nilisoma, ila sikuelewa.

"Sawa. Kadi yako iko poa, usiiguse. Na usimpe mtu yeyote anayekuambia ana programu ya kurudisha, atakumaliza. Hapa tunafufua simu, hata kama ni ya dakika kumi. Ikikataa, uzoee."

Aliiosha bodi kwa spiriti, akabadilisha betri. Ikakataa. Nikarudi ofisini nikachapa orodha ya nyaraka ambayo wakili ameniagiza. Namba nne: nakala ya makubaliano ya mauzo. Vidole vyangu viliandika bila kosa hata moja. Wakili alipita nyuma yangu akasema nzuri, na nikahisi kama nimemwibia.

Nakiri hapa kitu ambacho sikutaka kukikiri. Mchana kutwa jana hofu yangu haikuwa juu ya Mama Nyambura. Ilikuwa juu ya kazi yangu, na jinsi ningerudi nyumbani na begi. Shamba lake nililifikiria baadaye, karibu na jioni, na lilipokuja lilikuja na uzito wake wote.

Leo saa saba nilirudi kwa Sally. Alikuwa amegundua kifaa kidogo karibu na mahali pa chaji kimeoza kwa maji, akatoa kingine kwenye simu mbovu ya aina hiyohiyo. Simu ilikuwa imelazwa mezani, nyaya zimeishika pande zote kama mgonjwa wa wodini. Akaniambia nitie kadi kwanza, kisha laini, halafu ninyamaze.

Skrini iliwaka nusu. Nusu nyingine ilikuwa mistari ya kijani. Nikachora alama yangu ya kufungulia kwa kidole kilicholowa jasho, mara mbili ikakataa, mara ya tatu ikakubali. Tukangoja kadi isomwe. Sally alikuwa anatafuna bigijii, na aliacha kutafuna.

Picha zilikuwepo. Kurasa mbili. Kivuli cha fremu ya dirisha kimeukata ukurasa wa pili, lakini majina yanasomeka, mipaka inasomeka, vidole gumba viko pale vyote, vyeusi. Sally alizihamisha haraka kwenye kompyuta yake na kwenye kadi nyingine, akanipa.

"Haya, enda uchapishe, uweke kwa faili, unyamaze," akasema. "Nani atajua?"

Nilikuwa tayari nimeshafikiria hivyo kabla hajasema.

Lakini mimi ndiye ninayechapa hati za ofisi ile, na najua korti inavyotaka. Picha iliyotoka kwenye simu haiingii peke yake. Aliyeipiga lazima atoe cheti, aseme aliipiga lini, wapi, kwa chombo gani, aweke sahihi. Wakili anadhani nakala yake ilitoka kwenye mashine ya fotokopi. Nikinyamaza, atasimama mbele ya hakimu aseme jambo lisilo kweli bila kujua, na yule mzee wa kofia ya sufu, ambaye aliona simu yangu kwa macho yake, atakuwa na la kusema. Nikinyamaza nitakuwa nimeokoa picha nikaua kesi.

Wakati huo ujumbe ukaanza kuingia, wa siku tatu zote kwa pamoja. Matangazo ya mtandao wa simu. Matangazo tena. Halafu tatu kutoka Turbo, kwa Mama Nyambura.

Jumapili: "Kijana nimekukumbuka kanisani." Jumatatu: "Simu yako haipiti uko sawa?" Jumanne: "Kama ni ugonjwa sema, kuna mtu anakuja mjini nimpe maziwa akuletee."

Hakuna hata mmoja uliouliza habari za kesi.

Nilimpigia palepale, simu ikiwa bado imefungwa nyaya, nimeinama mezani kwa Sally. Nikamwambia yote: stima, picha, tiki, karai, kadi. Nilisema haraka kabla sauti haijaniishia.  Nikasikia mteja akiulizia sabuni, na yeye akimwambia angoje.

"Kwa hivyo hizi siku zote umekuwa ukiogopa peke yako?"

 Sally aligeuka akajifanya anatafuta bisibisi.

"Mimi nimekasirika," akaendelea. "Usifikirie sijakasirika. Hiyo shamba ndiyo watoto wangu wako nayo. Lakini ungeniambia Jumatatu, kijana wangu, tungeogopa wawili."

Akauliza kama wakili anajua. Nikasema bado. Akasema atakuja kesho tuingie kwake pamoja. Nikamwomba asije, kwa sababu akiwepo nitajificha nyuma yake, najijua. Alifikiri kidogo, akakubali. Kisha simu ikazima, na Sally akasema hiyo ndiyo imekwenda kabisa.

Cheti nimekiandika hapa saiba, nusu ukurasa. "Mimi ndiye niliyepiga picha hizi." Nimeweka tarehe ya kweli, na dirisha, na stima iliyopotea. Nimekichapisha pamoja na zile kurasa mbili, na viko ndani ya shati langu, visilowe.

Nilipofundishwa kujaza rejista niliambiwa kosa halifutwi kwa wino mweupe. Unalikata kwa mstari mmoja mwembamba ili lisomeke chini yake, unaandika lililo kweli pembeni, unaweka tarehe ya siku unayosahihisha na herufi za jina lako. Sijawahi kufanya hivyo hata mara moja. Nilijivunia kurasa zangu zisizo na mikato.

Kesho saa mbili, kabla wakili hajaketi, nitaweka rejista mezani kwake na kuikata tiki ile mbele yake. Ikifika saa tatu sijui kama nitakuwa bado karani.

Nimemwomba mhudumu wa saiba kesho nitumie simu yake dakika moja, na namba ya Turbo nimeiandika kiganjani. Mama Nyambura alisema, kabla simu haijazima, ikifika saa nne hajanisikia, atafunga duka aje kunitafuta.